Muziki wa nyumbani: kabla ya kulipa abonema, tupige hesabu

Familia nyingi za makanisa yetu hapa Likasi zinajiuliza swali moja siku hizi. Simu yenye intaneti imeingia nyumbani, spika ndogo ya bluetooth imenunuliwa sokoni, na watu wanataka kusikiliza nyimbo za Injili asubuhi kabla ya kazi, Jumamosi wakati wa kufua nguo, na jioni baada ya chakula. Je, walipe abonema ya huduma ya muziki? Na kama ni kulipa, walipe ipi?

Miaka kumi na mitano iliyopita swali hili halikuwepo. Tulikuwa na kaseti, kisha CD, kisha kadi ya memori iliyojazwa nyimbo na kijana mwenye kompyuta pembeni ya soko. Baadaye huduma za mtandaoni zikafika moja baada ya nyingine. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 na ikaenea Afrika ikiwa tayari ndani ya simu mpya za Tecno. Apple Music ilifunguliwa katika nchi nyingine 52 mwezi wa Aprili 2020, nyingi zikiwa za Afrika. Spotify ilifungua mlango wake Kongo mwezi wa Novemba 2021. Leo kijana wa Kikula au wa Panda anaweza kuwa na programu nne za muziki ndani ya simu moja, na mzazi hajui tofauti yao.

Tunaandika kutoka Likasi, lakini tunaamini familia za Kalemie, Uvira, Bukavu, Goma na Bunia zitatambua nyumba yao katika maneno haya. Na tunasema wazi tangu mwanzo tunakoelekea. Kwa nyumba ya kwetu, huduma bora si ile yenye nyimbo nyingi kuliko zote. Ni ile ambayo wimbo wake unaendelea kusikika siku ambayo mega zimekwisha na mfuko ni mtupu. Na hata huduma hiyo haitoshi, kwa sababu kuna sehemu ya muziki wetu ambayo hatupaswi kuikodi, tunapaswa kuimiliki.

Kukodi si kununua

Aliyenunua kaseti mwaka 1995 alikuwa na kaseti. Ikiharibika ni hasara yake, isipoharibika wajukuu wataisikia. Abonema ya muziki haifanyi kazi hivyo. Unalipa kodi ya mwezi. Hata nyimbo unazozipakua ndani ya simu hazikuwi mali yako: zinakaa ndani ya programu na hazifunguki nje yake. Kwa Spotify, kwa mfano, anayelipa anaweza kupakua hadi nyimbo 10,000 kwa kila simu, lakini ni lazima simu iingie kwenye intaneti angalau mara moja kila siku 30, ili kampuni ihakikishe kwamba bado unalipa. Ukiacha kulipa, nyimbo zilizopakuliwa hazisikiki tena. Mpangaji akishindwa kodi anatoka na vyombo vyake. Mpangaji wa muziki anatoka mikono mitupu.

Hilo si wizi, ni mkataba. Lakini familia inayoingia mkataba ijue ni wa aina gani.

Mji wetu una sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 1952, wakati Likasi ikiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi sauti, alikutana hapa na kijana mpiga gitaa aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, jina lake Jean Bosco Mwenda. Alirekodi wimbo wake Masanga. Sahani za Mwenda zilisambaa Afrika Mashariki na Kusini, zikafika Ulaya na Marekani, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Mkusanyo wa Tracey unatunzwa hadi leo Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954.

Hatumlaumu Tracey, bila mashine yake huenda sauti ile ingepotea kabisa. Lakini tuone matokeo. Sauti ilitoka katika mitaa ya Likasi, na sanduku la kuitunza likawa mbali na Likasi. Kijana wa hapa anayetaka kumsikia Mwenda leo atamtafuta ndani ya programu ya kampuni ya nje, kwa mega za kulipia. Kama ilikuwa hivyo kwa mtu mashuhuri namna ile, itakuwaje kwa kwaya ya kanisa lako?

Hesabu ya mega

Yesu, katika Luka 14:28, anamsema mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi ahesabu gharama. Nasi tuketi.

Gharama ya kwanza ya muziki wa mtandaoni si abonema, ni mega. Spotify inaeleza ubora wa sauti yake kwa ngazi. Ngazi ya chini ni takriban kilobiti 24 kwa sekunde, ya kawaida ni 96, ya juu ni 160, na ya juu sana, ambayo ni ya wanaolipa, ni 320. Tukizigeuza kuwa lugha ya kabini, saa moja ya kusikiliza inakula hivi: ngazi ya chini karibu mega 11, ya kawaida karibu mega 43, ya juu karibu mega 72, na ya juu sana karibu mega 144.

Tuchukue nyumba inayosikiliza saa 2 kwa siku katika ngazi ya kawaida. Kwa siku 30 imekula karibu mega 2,600. Sasa tuchukue nyumba nyingine inayosikiliza saa zile zile, lakini imepakua nyimbo 100 zenye dakika nne kila moja, na inazirudia, kama watu wengi wanavyofanya. Kupakua nyimbo hizo 100 kwa ngazi ile ile kunakula karibu mega 290, mara moja tu. Nyumba ya pili imetumia mega mara tisa chini ya ile ya kwanza, kwa muziki ule ule.

Hapa ndipo neno "bure" linapotudanganya. Spotify ya bure hairuhusu kupakua nyimbo. Kila wimbo unaousikia unaulipia mega, na ukiurudia kesho unaulipia tena, pamoja na matangazo yaliyo katikati. YouTube ya bure inazidi: hata ukichagua picha hafifu, video inakula mega nyingi kuliko sauti peke yake, na unalipia picha ambayo hakuna anayeitazama, kwa sababu mama yuko jikoni na simu iko juu ya meza. Ukizima kioo ili kulinda betri, wimbo unasimama. Kwa hiyo familia inayosema "sisi hatulipi muziki" mara nyingi inaulipa vizuri sana, ila inaulipia kabini, kidogo kidogo, bila kuandika mahali popote.

Kuna tena umeme. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira hayako mbali nasi, na bado umeme nyumbani unakwenda na kurudi bila kuaga. Simu inayocheza video inamaliza betri upesi kuliko simu inayocheza wimbo uliohifadhiwa. Anayechaji kwa jirani mwenye sola anaelewa tunachosema.

Unalipa kwa njia gani?

Gharama ya pili ni njia ya kulipa. Hapa kwetu pesa zinatembea kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Hata abonema ya televisheni watu wanailipa kwa simu au kwa wakala wa mtaa, mwezi wenye pesa wanalipa, mwezi usio na pesa wanaacha. Huduma nyingi za muziki za nje kwa kawaida zinaomba kadi ya benki. Familia nyingi hazina kadi hiyo, kwa hiyo zinaomba ya ndugu aliye Lubumbashi au Ubelgiji. Siku kadi ya ndugu inapoisha muda, nyumba nzima inanyamaza, na ndugu anaanza kujiuliza kwa nini yeye ndiye analipia nyimbo za watu wanane.

Na kadi ina tabia nyingine: inakatwa kila mwezi mpaka wewe mwenyewe usimamishe. Tunakumbuka makato ya RAM, yaliyoanza mwaka 2020 na kufutwa mwaka 2022, dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye intaneti, yakichukuliwa kutoka inite zetu bila mtu kuulizwa. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini abonema iliyosahauliwa ndani ya kadi ni makato tuliyojiwekea wenyewe. Anayejiunga aandike tarehe ya malipo ukutani, karibu na kalenda ya kanisa.

Ndugu zetu wa Kivu wana fundisho lingine zito zaidi. Vita ilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, benki za mji zilifunga milango, na watu wakabaki na pesa za simu na noti walizokuwa nazo mkononi. Hakuna aliyefikiria abonema ya muziki siku zile, na ndivyo inavyopasa. Lakini siku kama hizo ndizo nyumba inahitaji wimbo kuliko siku nyingine zote, ili watoto watulie na wakubwa wapate nguvu ya kuomba. Vivyo hivyo, nchi nzima ilikaa takriban siku 20 bila intaneti, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi. Muziki wote uliokuwa mtandaoni ulikuwa mbali nasi kama mwezi wa mbinguni. Aliyekuwa na nyimbo ndani ya kadi ya memori aliendelea kusikiliza. Aliyekuwa na kitabu cha nyimbo na sauti yake aliendelea kuimba.

Huduma moja moja

Tusiwe watu wa kusema "zote ni sawa". Si sawa.

Spotify ina maktaba kubwa na inatafuta wimbo vizuri. Faida yake ya kweli iko kwa anayelipa, kwa sababu ndiye anayepakua. Ukiwa na kadi ya benki na kipato cha kila mwezi, ni chaguo jema. Usipokuwa navyo, ile ya bure itakula mega zako.

Apple Music haina ngazi ya bure ya kudumu. Inawafaa zaidi wenye iPhone, ingawa inafanya kazi pia kwenye simu nyingine. Kwa nyumba nyingi za Likasi si mahali pa kuanzia.

Boomplay imetengenezwa kwa Afrika na inajulikana na wengi kwa kuwa ilikuja na simu. Katika nchi kadhaa inauza abonema ya siku, ya wiki au ya mwezi, jambo linalofanana na maisha yetu ya kulipa kidogo kidogo. Angalia ndani ya programu kama kwenye simu yako malipo hayo yanapatikana, na kwa njia gani, kabla ya kuitegemea.

Audiomack inaruhusu hata asiyelipa kuhifadhi nyimbo nyingi na kuzisikiliza bila intaneti. Tena, mwimbaji anaweza kupandisha nyimbo zake mwenyewe bila kulipa. Kwa nyumba isiyo na kadi ya benki, hii ndiyo tungeijaribu kwanza.

Mdundo, iliyoanzia Nairobi, ina njia nyingine kabisa: inakupa faili la MP3 la kupakua bure, na tangazo fupi mwanzoni. Faili hilo linakaa ndani ya simu au kadi ya memori, na hakuna kampuni inayoliuliza kila siku 30 kama bado unalipa. Nguvu yake ni nyimbo za Kenya na Tanzania, kwa hiyo wapenzi wa Injili ya Kiswahili watapata mengi, na wapenzi wa Lingala watapata machache.

YouTube ni nzuri kwa kutafuta na kujifunza: kwaya inayotaka kuona jinsi kwaya nyingine inavyosimama na kuimba haina mahali pazuri zaidi. Kwa kusikiliza kila siku, ni ghali kwa mega.

Kuhusu waimbaji, tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Moïse Mbiye, Mike Kalambay, Dena Mwana, Rose Muhando, Christina Shusho, Ambassadors of Christ Choir wa Kigali: wakubwa kama hawa wanapatikana karibu kila mahali. Anayekosekana karibu kila mahali ni kwaya ya mtaa wako. Kwa hiyo usichague huduma kwa sababu ya majina makubwa. Chagua kwa sababu ya njia ya kulipa na uwezo wa kupakua.

Nyumba ya watu kumi na simu mbili

Spotify na Apple Music zinauza pia abonema ya familia. Inachukua hadi watu 6, kila mmoja na akaunti yake, na Spotify inataka wawe wanakaa kwenye anwani moja. Mpango huu umefikiriwa kwa nyumba ambamo baba, mama na watoto wanne wana simu sita na masikio yao yamezibwa na vifaa vya kusikilizia, kila mtu na wimbo wake.

Nyumba nyingi za kwetu si hivyo. Kuna bibi, kuna mpwa aliyekuja kusoma, kuna watoto wa marehemu kaka. Watu ni kumi, simu zenye intaneti ni mbili, spika ni moja. Nyumba kama hiyo haihitaji mpango wa familia. Abonema ya mtu mmoja, kwenye simu moja, ikitoa sauti kwa spika moja, inatosha. Wala tusione hilo kuwa umaskini. Watu kumi wanaosikiliza wimbo mmoja wanaweza kuuimba pamoja. Watu sita wenye nyimbo sita masikioni hawawezi.

Kwa wazazi tuna neno moja la ziada. Huduma hizi zina kichujio cha kuzuia nyimbo zenye maneno machafu. Kitumieni, lakini msikitegemee. Alama ya "maneno machafu" kwenye Spotify inatokana na taarifa za wenye nyimbo wenyewe. Wimbo wa Lingala au wa Kiswahili wenye matusi ya mafumbo unaweza kupita bila alama yoyote. Tena, albamu uliyochagua ikimalizika, programu inaendelea yenyewe na nyimbo nyingine inazozifikiria zinafanana. Zimeni uendelezaji huo katika mipangilio. Kwa njia hiyo mega zitapona, na mtaamua ninyi kinachosikika mbele ya watoto.

Je, mwimbaji anapata nini?

Mtenda kazi anastahili ujira wake, ndivyo Paulo anavyomkumbusha Timotheo katika 1 Timotheo 5:18. Waumini wengi wanaamini kwamba wakilipa abonema, pesa yao inakwenda kwa mwimbaji wanayemsikiliza. Sivyo ilivyo. Katika Spotify, pesa zote zinaingia kapu moja. Karibu theluthi mbili ya kapu inakwenda kwa wenye haki za nyimbo, na inagawanywa kulingana na sehemu ya kila mmoja katika usikilizaji wote. Ukisikiliza kwaya moja tu mwezi mzima, sehemu kubwa ya pesa yako bado itakwenda kwa nyota ambao hujawahi kuwasikia.

Tangu mwaka 2024 kuna sharti lingine: wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 hauhesabiwi katika mgao wa malipo ya rekodi. Tuchukue kwaya yenye nyimbo 10, kila mmoja umesikilizwa mara 900 kwa mwaka. Jumla ni mara 9,000, na malipo ni sifuri. Watu wamekasirika kwa sharti hili, na tunaelewa. Lakini tuseme ukweli wote: kwa maelezo ya Spotify yenyewe, nyimbo za kundi hilo zilikuwa zikipata kwa wastani senti 3 za dola kwa mwezi. Kwaya haikuporwa mali. Mali haikuwepo. Tena, ili nyimbo zifike Spotify, kwaya hulazimika kupitia kampuni ya usambazaji, na kampuni nyingi za namna hiyo zinadai malipo kila mwaka.

Maana yake ni nini? Kwamba kwa kwaya ndogo, huduma hizi ni kama ubao wa matangazo. Zinasaidia watu wa mbali kukujua: mtoto wenu aliye Nairobi au Brussels anasikia sauti za nyumbani. Hazilipi gitaa, wala nauli ya kwenda Lubumbashi kurekodi. Anayependa kwaya yake lazima ailipe kwa mlango mwingine.

Na hapa tuna kazi kama kanisa. Nchi yetu ina sheria ya haki za waandishi na wasanii tangu tarehe 5 Aprili 1986, na ina shirika la SOCODA tangu mwaka 2011 kwa ajili ya haki hizo. Hata hivyo, kati yetu, kwaya inapotoa CD, nakala moja inanunuliwa na nakala hamsini zinatumwa kwa WhatsApp, huku tukisema "utukufu ni wa Bwana". Utukufu ni wa Bwana kweli, lakini deni la studio ni la kwaya.

Tuongeze na jambo ambalo viongozi wengi hawalijui: abonema ya Spotify ni kwa matumizi binafsi. Masharti yake hayaruhusu kuipiga hadharani. Akaunti ya mchungaji si spika ya kanisa, si ya arusi, si ya kampeni ya Injili.

Shauri letu

Kwa nyumba isiyo na kadi ya benki: msilipe abonema yoyote kwa sasa. Tumieni huduma inayoruhusu kuhifadhi nyimbo bila kulipa, pakueni mara moja pale mtandao ulipo mzuri na mega ni za bei nafuu, kisha zimeni intaneti na msikilize.

Kwa nyumba yenye kadi na mshahara wa kila mwezi: chagueni huduma moja tu, abonema ya mtu mmoja. Kabla ya kulipa, andikeni kwa mwezi mmoja mega zote zinazokwenda kwenye muziki. Kama abonema pamoja na kupakua inagharimu chini ya mega mnazopoteza sasa, lipeni kwa amani. Kama sivyo, acheni.

Kwa nyumba ambamo watu watano au sita wana simu na kipato: mpango wa familia una maana, mradi kila mtu atoe sehemu yake, na jina la mlipaji lisiwe siri.

Mambo yanaweza kubadilika. Starlink ilipewa leseni nchini mwezi wa Mei 2025, na kompani za simu zinashindana. Huenda mega zikashuka bei. Hilo litabadilisha hesabu, lakini halitabadilisha mkataba. Muziki wa kukodi utabaki kuwa wa kukodi.

Kwa hiyo shauri la mwisho ni kwa wote, wenye abonema na wasio nayo. Kila mwaka, familia inunue moja kwa moja kazi ya kwaya moja ya karibu, kwa M-Pesa au kwa noti mkononi, na kwaya itoe faili safi ambalo mnunuzi atalitunza. Na kila kanisa lianze sanduku lake: rekodi zote za kwaya zake ndani ya diski mbili, moja kwa katibu na nyingine nje ya jengo, pamoja na daftari linaloandika jina la mtunzi, mwaka, waimbaji, na maneno ya wimbo. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji mtu mmoja mwaminifu na jioni chache.

Jumapili hii, baada ya ibada, mwulizeni kiongozi wa kwaya yenu swali dogo: wimbo uliotungwa hapa miaka ishirini iliyopita, ule ambao wazee wanauimba bado kwenye matanga, rekodi yake iko kwa nani? Kama hakuna anayejua, basi mmekwisha kujua kazi ya kuanza nayo, kabla hata ya kufungua programu yoyote.